Tusi Lenye Bei

Kila ukoo una msema kweli wake. Wetu ni shangazi. Harusini, mkono wangu ukiwa ndiyo kwanza unaunyemelea mnofu kwenye sinia la pilau, husema kwa sauti ya kuamshia watu daku: "Mwanangu, umenenepa! Mashavu yamekula macho!" Sinia zima hunigeukia kuhakikisha. Ukimlalamikia, atakwambia hana unafiki, la moyoni kwake liko mdomoni. Nimemchunguza kwa miaka. Ukweli wake wote huangukia vitambi, vipara na wasichana ambao hawajaposwa. Sijawahi kumsikia akimsimamisha mtu njiani na kumwambia, "Mimi sina unafiki: leo umependeza."

Ndiyo maana nawaheshimu wanawake wawili wa mtaani kwetu hapa Mombasa ambao hawaivi chungu kimoja. Mmoja alitokea bombani amejifunga leso yenye jina "Wivu wako ndio umaskini wako". Mwenziwe hakusema kitu. Alijaza ndoo zake, akaenda zake. Jibu lilipita na kiuno chake wiki iliyofuata.

Tusi la leso lina bei. Uteremke hadi Mtaa wa Biashara, ambako watu bado huiulizia Mali ya Abdulla, chapa ya duka la Kaderdina Hajee Essak lililoanza mwaka 1887. Upekue majina hadi ulipate la kumfaa hasimu wako, na rangi nayo ikukae, maana hakuna anayetaka kutukana huku amechusha. Upatane. Ulipie doti nzima, hata kama hasira yako ni ya kipande kimoja. Kisha ukaikate na kuipinda. Nina hakika wengi hasira zao huishia kwa fundi, wakarudi nyumbani na leso nzuri tu. Na hata likifika, tusi hilo humwachia mtu mlango wa kutokea: anaweza kudai hakulisoma. Nani amewahi kudai hakumsikia shangazi?

Tatizo ni kwamba leso inataka mnunuzi anayesoma. Mjomba wangu anajua kusoma, ila miwani huivaa kwa kutazama mpira tu. Idi moja alijitolea kumnunulia mama mkwe wake leso, akavutiwa na rangi ya embe bivu, akalipa, akatembea kifua mbele. Mama mkwe akaikunjua sebuleni mbele ya wageni. Jina lilikuwa "Hasidi hana sababu".

Kahawa ilisimama kwenye koo za watu.

"Baba," mama mkwe akauliza polepole, "hii umeichagua mwenyewe?"

Mjomba alidhani anasifiwa. "Mwenyewe, mama! Nimezunguka asubuhi nzima. Nilipoiona tu nikasema, hii ndiyo yake."

Mkewe aliinamisha uso. Mtoto mmoja aliyekuwa ndiyo kwanza anajua kusoma alianza kuunganisha silabi kwa sauti, "ha-si-di...", akatiwa kaimati mdomoni.

Shangazi angekuwepo, ndoa ile ingekuwa kwa kadhi kabla ya alasiri. Mama mkwe aliishika leso, akaipapasa, akasema kitambaa chake kizito na rangi ni ile aipendayo. Kisha akaenda chumbani na kurudi ameifunga juu chini, jina limemezwa na mkunjo wa kiunoni. Akaketi kama kawaida, akamwongeza mjomba kahawa. Wageni nao wakagundua ghafla kwamba kuna habari nyingi sana za kuzungumza kuhusu mvua.

Mjomba hajaambiwa hadi leo. Idi iliyofuata mkewe alimwandama hadi dukani, akasoma kila jina mara mbili kabla ya pesa kutoka. Mjomba alirudi amenuna, akilalamika kwamba wanawake hawamwachii mtu hata jambo analolijua.