Jinsi ya Kuishi kwa Miguu Miwili: Mwongozo wa Mchezaji wa Madaraja ya Chini Kutoka Mbulu

Mdogo wangu, umesema unataka kuwa mchezaji mpira. Hukusema unataka kuwa Mbwana Samatta, na kwa hilo nimekuheshimu. Samatta ni mmoja. Wanaokula kwa mpira bila kuonekana kwenye televisheni ni wengi: mabeki wa ligi ya mkoa, makipa wa kukodi, viungo waliovaa jezi za timu kumi na hawana picha hata moja iliyotoka gazetini. Hiyo nayo ni kazi, na kila kazi ina ufundi wake. Nimekuandikia hatua kwa hatua. Soma, ukunje karatasi, uiweke kwenye begi la daluga.

Hatua ya kwanza: Waombe radhi wazee wa mbio

Kwetu ukimwambia mzee kuwa una miguu mizuri, atakuuliza unakimbia mita ngapi. Ana haki ya kuuliza. Gidamis Shahanga wa Katesh, chini ya Mlima Hanang, alichukua dhahabu ya marathoni kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edmonton mwaka 1978, na miaka minne baadaye akachukua ya mita 10,000 kule Brisbane. Mkimbiaji akishinda, saa ndiyo shahidi wake. Shahidi wa mchezaji mpira ni macho ya kocha, na kocha huenda ana mpwa anayecheza namba yako. Lipime hilo kabla hujaanza. Ukiupenda mpira hata baada ya kulipima, basi chukua urithi wa wazee: panda vilima alfajiri, jenga pumzi. Ikifika dakika ya 80, timu iliyotoka tambarare itajua umelelewa wapi.

Hatua ya pili: Anza na mbuzi

Vijijini mshindi wa kombe hupewa mbuzi, wa pili seti ya jezi, na uchaguzi ukikaribia hata ng'ombe huonekana. Cheza yote. Mpira wa mbuzi una jambo moja ambalo hutalikuta tena kwa urahisi huko mbele: malipo yamefungwa kwenye mti kando ya uwanja na kila mchezaji anayaona. Hakuna anayeuliza kama bajeti imepita. Kumbuka picha hiyo, tutairudia.

Ukifunga mabao mawili, kijiji cha pili kitakuja kukukodi. Huko utaitwa mamluki, nawe usikasirike, maana kanuni za kombe zikiruhusu mgeni, hiyo ni kazi halali na nauli yake. Sharti ni moja: cheza kwa jina lako. Ukikabidhiwa jina la mtu mwingine, rudi nyumbani. Timu ikishinda, sifa ni za mwenye jina. Ukivunjika, mguu ni wako.

Hatua ya tatu: Hesabu vidato vya ngazi

Kuna ligi ya wilaya, ligi ya mkoa, Ligi ya Mabingwa wa Mikoa, First League, Championship, kisha Ligi Kuu. Ni vidato sita, na wajanja huyatumia majina yake kuwachanganya vijana. Mtu akikuambia atakupeleka First League, ujue hilo ndilo lililokuwa Daraja la Pili. Lililokuwa Daraja la Kwanza sasa ni Championship. Kijana asiyejua hili huwaaga wazazi kwa shangwe akidhani anapanda vidato vitatu kutoka ligi ya mkoa, kumbe ni viwili.

Ligi Kuu yenyewe imetusogelea. Msimu wa 2024/25 Fountain Gate ilichezea mechi zake za nyumbani Babati, kwenye uwanja wa Tanzanite Kwaraa. Lakini timu hiyo ilifika mkoani ikiwa tayari ipo Ligi Kuu. Haikuanzia kwenye ligi ya mkoa wetu. Kwa hiyo kukaa karibu na uwanja hakukupi namba. Kilichokaribia ni majaribio. Kutoka Mbulu unateremka kona za Magara hadi Mbuyu wa Mjerumani, unapanda gari la Babati, unaonyesha ulichonacho.

Nenda na nauli ya kurudi mfukoni. Mwenye nauli ya kurudi hujadiliana. Asiye nayo hukubali.

Hatua ya nne: Mkataba ni karatasi

Hapa kaa chini usome taratibu, maana hapa ndipo wengi wamepotelea.

Msimu mmoja nilichezea timu kwa mkataba wa mdomo. Tulipeana mikono mbele ya watu, tukapigiwa makofi. Nilipoanza kudai, mwenyekiti alinielekeza kwa katibu, katibu kwa mweka hazina, mweka hazina kwa mfadhili, na mfadhili akanirudisha kwa mwenyekiti. Wote walinipokea kwa heshima na chai. Sikuwa na karatasi hata moja ya kuweka mezani, na chai haikulipa kodi ya chumba.

Kwa hiyo dai maandishi, na nakala yako mwenyewe, na mshahara uandikwe kwa tarakimu na kwa tarehe. Neno "posho itaangaliwa" lisiwemo. Kanuni za FIFA zinasema mkataba wa mchezaji usipungue muda wa hadi mwisho wa msimu na usizidi miaka mitano. Aliye chini ya miaka 18 usizidi mitatu. Mtu akikuletea mkataba wa miaka kumi kwa kuwa "anakuona mbali", mwambie kanuni hazioni mbali kiasi hicho.

Tangu 2018 kanuni hizo zinatambua pia kwamba klabu ikishindwa isivyo halali kukulipa mishahara ya miezi miwili, unayo sababu ya kuvunja mkataba. Kwanza unaiandikia klabu na kuipa angalau siku 15 ilipe. Kuandika, mdogo wangu, si kulalamika kwenye basi. Barua ina tarehe, na nakala yake unabaki nayo. Shauri likikua, TFF ina Kamati ya Sheria na Hadhi za Wachezaji, na wachezaji wana chama chao, SPUTANZA. Ila kote huko swali la kwanza ni moja: mkataba uko wapi?

Ukiambiwa pesa ipo njiani, uliza ni njia gani. Hata Magara wakati wa masika haijawahi kumchukua mtu miezi minne.

Akija wakala, muulize leseni. Tangu 2023 leseni ya wakala ya FIFA hupatikana kwa mtihani. Mwenye leseni hataudhika kuulizwa, na atakayeudhika atakuwa amekujibu.

Hatua ya tano: Uwe na umri mmoja

Utashauriwa uwe na umri wa cheti na umri wa mpira. Kataa. Mwaka 2005 Serengeti Boys walikuwa wamekwishafuzu fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17, wakaondolewa kwa sababu ya umri wa mchezaji mmoja. Kikosi kizima kilikosa safari kwa tarehe moja. Na tangu 2009 FIFA huwapiga vijana wa Kombe la Dunia la umri huo picha za mfupa wa kifundo cha mkono. Mfupa hauna binamu ofisini.

Hatua ya sita: Goti lipelekwe hospitali

Goti likivimba, watakuja watu watatu: wa maji ya moto, wa mafuta, na wa kusema kuna mtu amekuchezea. Wasalimie wote watatu, kisha panda gari. Haydom kuna hospitali ya Walutheri iliyopo tangu 1955. Ikibidi upasuaji mkubwa, ipo Taasisi ya Mifupa, MOI, pale Muhimbili. Kano iliyochanika haiungwi kwa kuchuliwa, na kila mechi unayocheza juu yake inakula miaka yako. Kwenye mkataba ule wa hatua ya nne, hakikisha imeandikwa nani analipia matibabu. Kama klabu haijaandika, kata bima ya afya mwenyewe kabla hujanunua daluga mpya.

Hatua ya saba: Panda vitunguu swaumu

Msimu wa mpira una mwisho, na tumbo halina. Jamie Vardy, kabla hajawa bingwa wa Uingereza na Leicester mwaka 2016, alichezea Stocksbridge Park Steels kwa pauni 30 kwa wiki, huku akifanya kazi katika kiwanda cha vifaa vya tiba. Kiwanda ndicho kilichomlisha mpaka mpira ulipokuwa tayari kumlisha.

Wewe kiwanda chako ni udongo wa Mbulu. Kitunguu swaumu chetu kinajulikana sokoni, na kikikaushwa vizuri hukaa miezi, ukauza bei inapopanda. Fedha ya usajili ya kwanza, hata ikiwa ndogo, igawe kabla hujafika nyumbani: ya mama, ya mbegu, ya akiba. Simu mpya ingoje msimu wa pili. Wachezaji niliocheza nao ambao leo wanatembea kifua mbele mjini ni wale waliokuwa na shamba, pikipiki, cherehani au cheti cha ufundi, bila kujali walifunga mabao mangapi.

Na usimfiche mwalimu wako wa timu kwamba una kazi nyingine. Mwambie mapema siku za kupanda na siku za kuvuna. Mwalimu mwenye busara atapanga mazoezi, kwa kuwa mchezaji aliyeshiba hadanganyiki kuuza mechi.

Hatua ya mwisho: Maliza

Tarehe 20 Oktoba 1968, mtu wa Mbulu aitwaye John Stephen Akhwari alianguka katikati ya marathoni ya Olimpiki kule Mexico, akaumia goti na bega. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2 na dakika 20. Akhwari aliingia uwanjani amefungwa bandeji, zaidi ya saa nzima baadaye, wa mwisho kati ya 57 waliomaliza. Walioanza walikuwa 75. Alieleza kwamba nchi yake ilimtuma kumaliza mbio. Alimaliza, akapona, na mwaka 1970 akashika nafasi ya tano katika marathoni ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh.

Wewe utacheza mbele ya watu mia mbili na ng'ombe wanaokatiza kona. Bado maliza. Maliza mazoezi, maliza msimu, maliza mkataba uliousaini kwa mkono wako. Na siku miguu ikikuambia basi, tundika daluga kwa tarehe unayoichagua mwenyewe, uwaage wenzako, kisha uwafundishe watoto wa kijiji kupiga pasi kwa mguu wa kushoto. Aliyecheza miaka kumi kwenye ligi ya mkoa akalea watoto na kulipwa haki yake, huyo amefanikiwa katika mpira.

Nanyi viongozi wa timu mnaousoma mwongozo huu wa kijana wenu, ombi ni moja. Lipeni kama kijiji kinavyolipa: mfungeni mbuzi mahali ambapo kila mchezaji anamwona.