Shangazi Hatoki

Kwetu Olumbi, kaskazini mwa Msumbiji, gari halinunuliwi na mwenye pesa, linanunuliwa na kikao. Mjomba hukalia mkeka wa katikati, mashangazi hushika upande wenye uvuli, na wewe mwenye metikali zako hutumwa kisimani.

Safari hii tulitafuta gari la siti saba. Mke wangu alitaka Toyota Rush: injini ya cc 1500, halinywi mafuta ovyo. Lakini Rush ya toleo jipya husukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake, na mchanga wa huku hauna huruma. Mjomba alitaka Fortuner kwa sababu imejengwa juu ya fremu ya Hilux, na Hilux anaiheshimu kuliko wakwe zake. Moyo wangu ulikuwa kwa Nissan X-Trail ya safu tatu, mtumba wa Japani, usukani kulia. Hapo tumshukuru Mreno: mwaka 1928 kwao walihamia upande wa kulia wa barabara, sisi wakatuacha kushoto na majirani zetu.

Mchuuzi mmoja akatuletea X-Trail tuionje. Shangazi, mwanamke wa mwili na heshima zake, akasema siti ya nyuma kabisa ataijaribu yeye. Kuingia, aliingia. Magoti yakagusa kidevu, kapulana ikanasa kwenye wenzo wa kukunjia siti, naye akatangaza kwamba kukaa si kubaya, ila hatoki. Wajukuu wakavuta mikono, mjomba akasukuma mgongo, mchuuzi akalilia kitasa chake. Dereva, sijui nani alimtuma, akasogeza gari mbele ili shangazi apate nafasi. Magurudumu yakadidimia hadi ekseli. Ikabidi tuchimbe mchanga, tupunguze upepo wa tairi, tutandike makuti, huku shangazi akitoa amri kupitia dirishani na kuomba aletewe wali wake humo humo.

Alipotoka akahukumu: "Siti ile ni ya mbuzi." Tena ikisimamishwa, nyuma hapabaki hata pa kuweka gunia la mihogo.

Tulichukua Fortuner. Siti zake za nyuma hukunjwa zikaning'inia ubavuni, na hili letu huendeshwa kwa magurudumu yote manne. Nawe msomaji, ukienda kununua gari la siti saba, usihangaike na rangi wala redio. Nenda na shangazi yako, mkalishe nyuma kabisa, kisha mwombe ashuke. Pesa toa akishashuka.