Namna ya Kupata Taifodi Bila Kuugua

Taifodi ya kweli ina usumbufu. Inakutaka ule au unywe kitu kilichoingiwa na kinyesi cha mtu mwenye bakteria wake, ukae wiki moja, mbili, wakati mwingine zaidi, ndipo homa ianze kupanda kidogo kidogo. Ikipuuzwa hutoboa utumbo. Kwa mtu mwenye shughuli zake ipo njia nyepesi: nenda kapime Widal.

Chagua siku ambayo mwili umechoka, kichwa kinagonga na magoti yanalalamika, yaani Jumatatu yoyote. Usianzie kwa daktari. Daktari ana tabia ya kuuliza homa ilianza lini, umesafiri wapi, umeshameza nini, na mwisho wa maswali unaweza kujikuta huna cha kupima. Nenda moja kwa moja kwenye dirisha la maabara, utaje vitu vitatu vinavyoeleweka kuanzia Tunduma hadi Namanga: malaria, taifodi, UTI.

Kipimo chenyewe ni cha mwaka 1896. Georges-Fernand Widal, daktari wa Paris, alionyesha kwamba majimaji ya damu ya mgonjwa wa taifodi huwafanya bakteria wa ugonjwa huo wagandane vijibonge. Kwa wakati ule ilikuwa kazi ya kupigiwa makofi. Lakini zingatia, maana hapa ndipo ilipo bahati yako: Widal haimtafuti mdudu. Inatafuta kingamwili, askari ambao mwili uliwaandikisha ulipokutana na mdudu huyo, au na ndugu zake wa ukoo wa Salmonella, au na chanjo. Hata malaria inaweza kuwachokoza. Damu ya mtu aliyekulia Mbagala, akanywa maji ya ndoo na kula miwa ya mkokoteni, ina kumbukumbu ndefu. Uwezekano wa kuganda ni mkubwa.

Ukitaka uhakika zaidi, omba mtaalamu apigiwe simu katikati ya kazi. Tone la majimaji ya damu yako na tone la kitendanishi huchanganywa juu ya kioo, huyumbishwa kwa dakika moja hivi, kisha husomwa hapo hapo. Likiachwa likaanza kukauka pembeni, nalo hufanya vijibonge.

Cheti kitaandikwa O 1:160, H 1:80. Usiulize maana yake. Anayejua atakuambia kwamba namba hiyo peke yake haisemi mengi; vitabu vinataka damu ichukuliwe mara mbili, zipishane siku 10 hadi 14, na kiwango kiwe kimepanda mara nne. Mambo ya vitabu. Wewe rudi ukishamaliza dozi ya sipro.

Na hapo ndipo utamu ulipo. Kingamwili haziondoki kwa sababu umemeza vidonge. Zinaweza kukaa miezi mingi. Basi kipimo cha pili kitasema una taifodi, cha tatu hivyo hivyo, na utaingia katika jamii yenye heshima ya watu wenye “taifodi sugu”, ile inayojificha kwenye damu. Wabebaji wa kudumu wapo kweli, na mara nyingi bakteria wao hujificha kwenye kibofu cha nyongo. Mary Mallon, mpishi wa New York aliyegunduliwa mwaka 1907, alikuwa mmoja wao. Ila Mary hakuwa akiumwa kichwa kila Jumatatu. Walioumwa ni aliowapikia. Na kilichomuumbua ni choo chake, kilichopimwa maabara. Hilo usilitaje dirishani.

Malaria ni rahisi zaidi. Kipimo cha haraka hutafuta protini ya kimelea, na protini hiyo hubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya kimelea kufa. Kapime tena wiki mbili baada ya dawa ya mseto, upate malaria ya pili bila mbu. Kama kwenye kile kibao hakuna mstari, usikisome baada ya dakika 15 au 20 kama walivyoelekeza. Nenda kwanza ukanywe chai, mstari unaweza kujileta wenyewe.

UTI inahitaji usafiri tu. Kinga mkojo wa mwanzo badala ya wa katikati, funga kikopo, panda daladala Gongo la Mboto saa ya foleni. Bakteria wa mkojo wakipata joto zuri wanaweza kuongezeka maradufu kila baada ya dakika 20 hivi, kwa hiyo kikopo kitafika Kariakoo kikiwa na wakazi wengi kuliko kilivyoondoka.

Unachopaswa kuogopa ni kuotesha. Wakikuambia wanaotesha damu, ujue umefika pabaya. Damu huwekwa kwenye chupa ya lishe, ikakaa kwenye joto la nyuzi 37 hadi siku tano au saba. Kikiota kitu, huhamishiwa kwenye sahani za agari (inatokana na mwani, ingawa si ule wanaoulima akina mama wa Paje), hupakwa rangi aliyoibuni Gram mwaka 1884, hutajwa jina, kisha huzungushiwa vidonge vidogo vya dawa ili ionekane ipi inaua na ipi imezoeleka. Ni kipimo kisicho na adabu: kinaweza kusema huna kitu, au kwamba sipro uliyonunua haimfanyi kitu huyo mdudu. Nacho kina udhaifu, kwani hukosa wagonjwa wengi wa kweli, pengine hata nusu yao. Usaidie udhaifu huo. Meza vidonge viwili vya antibayotiki usiku kabla ya kwenda, na chupa inaweza kunyamaza hadi mwisho.

Ukiwa na cheti mkononi, kipige picha ukitume kwenye kundi la ukoo. Shangazi atakuandikia majani ya mpapai kabla hujafika nyumbani, na mjomba wa Mwanza atauliza kama hiyo 1:160 ndiyo aliyokuwa nayo yeye mwaka juzi. Mwambie ndiyo. Akipima leo huenda akaikuta bado ipo.