Mimi Safari Hii Naoga

Mtu akikwambia anakuja Malindi kupumzika, muulize kwanza ni nani atakayechoka. Hotelini jibu liko wazi: kuna kijana wa kupanga vitanda vya jua, kuna mpishi, kuna askari wa geti, na wote mwisho wa mwezi wana mshahara. Huku kwetu mtaani Kisumu Ndogo kazi hizo zote nazifanya mimi, na mwisho wa mwezi ninachopata ni ujumbe wa WhatsApp: "Asanteni sana, tumeenjoy, mwakani Mungu akipenda."

Ikifika Desemba, shule zimefungwa na kaskazi imeshika, simu zinaanza. Shemeji ambaye tangu Januari hakuwahi kuuliza kama tumekula, leo anauliza kama bahari ni nzuri. Namjibu bahari haijambo. Hilo analihesabu kuwa mwaliko. Siku ya pili kashapanda treni ya SGR kutoka Nairobi, kashuka Miritini, kaingia matatu ya Malindi, kilomita 120 hivi za kubanana magoti, na magharibi tuktuk inasimama mlangoni: shemeji, mkewe, shangazi yao, watoto, mtoto wa jirani yao, na mkate mmoja wa zawadi. Wapo pia wanaotoka Kisumu yenyewe, ile ya ziwa. Hao ndio hawanyamazi: maji ya kwao hayana chumvi, samaki wa kwao anazidi sahani.

Wote wakishuka neno ni moja: "Tunataka kukaa nje!"

Kukaa nje. Nyumba yangu ni ya mabati, haina dari. Saa saba mchana wa kaskazi ndani hakukaliki, hata paka analijua hilo. Sisi huku tunakaa nje mwaka mzima. Tunapikia nje, tunasukana nje, tunasutana nje, watoto wanafanyia kazi za shule chini ya mwarobaini, na usiku joto likizidi tunatandika mikeka barazani. Hakuna aliyewahi kutupiga picha akaandika kwamba tunaponda raha. Mgeni akiketi pale pale, chini ya mwarobaini ule ule, dafu mkononi, inakuwa likizo.

Na si watu wa bara peke yao. Waitaliano walikuja hapa miaka ya 1960 kurusha setilaiti kutoka jukwaa la San Marco, baharini mkabala wa Ngomeni. Tarehe 12 Desemba 1970 walirusha moja ya Wamarekani, ikaitwa Uhuru kwa heshima yetu, nasi tukawapa jua kwa heshima yao. Tangu hapo piza ni chakula cha mji, na watoto wetu wakimwona mtu mweupe, hata awe Mjerumani, wanampigia "ciao". Hao njoo uwaone Agosti. Kwao ni kiangazi, kwa hivyo wameamua na kwetu ni kiangazi. Kusi bado inavuma, nyanya yangu kajitanda leso mbili na sweta juu, na Mwitaliano kavaa kitambaa kisichotosha kufunikia bakuli, anajitupa kwenye mawimbi ambayo wavuvi wetu wenyewe wameyakataa.

Basi siku ya pili ya Krismasi shemeji na wenzake wakaamua twende ufuoni. Wakaamua, nasema, maana mimi sikuulizwa. Ningeulizwa ningewaambia watazame juu. Usiku uliotangulia mwezi ulikuwa mpevu, duara kamili, na mtu wa Malindi akiuona mwezi ule anajua ni bamvua: asubuhi mnamo saa nne au saa tano maji yatakuwa yamekupwa, na kujaa ni saa kumi jioni. Ndiyo maana Idd ya Fitri haina ubishi. Inaandamana na mwezi mchanga, na mwezi mchanga nao una bamvua yake, kwa hivyo alasiri ya Idd hiyo bahari imejaa tele na vijana wanajirusha. Krismasi haina mpango huo. Inaanguka popote.

Tuktuk ni ya abiria watatu. Tuliingia ukoo. Sufuria ya pilau ilipakatwa na mimi, ya moto, imefungwa kwa leso, na kila tuta la barabara nililijua kwa mapaja.

Tukafika Silversand saa nne na nusu. Shemeji akasimama na tyubu ya gurudumu kiunoni, akatazama mchanga mtupu uliokwenda, ukaenda, mpaka kule mbali mawimbi yanakoonekana kwa shida.

"Shem, bahari imeenda wapi?"

"Imekupwa."

"Itarudi?"

"Saa kumi."

"Sasa tufanye nini mpaka saa kumi?" Akaniuliza kwa ukali, utasema mimi ndiye niliyeyafungulia maji yakatoka.

Mkewe akaenda mpaka ukingoni, akarudi amekunja uso. Mbona maji yana rangi ya chai ya maziwa? Hapo nilivuta pumzi kwanza. Mto Sabaki, unaoingia baharini kaskazini mwa mji wetu, ndio Galana, na Galana huko juu ndio Athi, na Athi unakusanya maji ya mito inayopita Nairobi. Mvua za vuli zikipiga bara, udongo wote unateremka nao, na upepo wa kaskazi unausukuma mpaka kwenye ghuba yetu.

Nikamwambia, "Huo ni udongo wenu. Umewatangulia tu kufika."

Hakucheka.

Maji yalipoanza kurudi, ndipo kazi yangu ikaanza. Kila matembezi ya ufuoni yana mtu mmoja ambaye haogi. Hapigiwi kura wala haombwi. Anatambulika tu: ni yule aliyewahi kukaa. Mimi nilikuwa nimekaa, mapaja yananiuma. Wakaanza kupita mmoja mmoja, "Tuangalizie hapo," na kila aliyepita alitua kitu. Champali. Patipati za watoto, nyingine hazina wenzao. Viatu vya raba vya shemeji, soksi zimesokotwa ndani. Simu zote ndani ya kofia moja. Miwani. Pochi. Shangazi, ambaye tangu nyumbani aliapa hatatia mguu majini, akabadili nia dakika ya mwisho, akavua meno ya bandia, akayatia katika kikopo cha Blue Band, akanikabidhi kwa mikono miwili. "Haya usiyaweke juani," akasema, au nadhani alisema hivyo, maana meno nilikuwa nayo mimi.

Simu ya shemeji ikaita. Jina likasoma: Fundi Usishike. Sikushika.

Akaja kunguru. Ndege huyu asili yake ni Bara Hindi; aliletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19, akatapakaa pwani nzima, na mpaka leo hajaaga. Mwaka 2024 shirika la wanyamapori, KWS, lilitangaza mpango wa kuwaangamiza kunguru milioni moja. Huyu wa Silversand tangazo halikumfikia. Alitua hatua mbili kutoka mkekani, akanipima mimi, akaipima sufuria. Nikimwangalia kunguru, mtoto wa jirani anaelekea kwenye maji marefu. Nikimpigia mtoto kelele, nasikia mfuniko unalia. Aliondoka na paja la kuku. Na si kwamba aliruka kwa haraka. Aliondoka kama mtu aliyelipa.

"Baba watoto," mke wangu akauliza, maji yanamtiririka, uso umemng'aa kwa furaha, "si ulikuwa umekaa hapa hapa?"

Pilau iliyobaki ikaliwa na mchanga wake. Wote wakasifu. Chakula cha nje ni kitamu, wakasema, na hakuna aliyekumbuka kuwa kilipikwa tangu alfajiri na mke wangu, nje hiyo hiyo, mimi nikikuna nazi ya maharagwe.

Saa kumi na moja maji yamejaa vizuri, hata rangi yake sikuijali tena. Mke wangu akanionea huruma, akaniambia niende nami nikaoge. Nikavua shati. Nikaingia mpaka magotini, nikajimwagia kifuani kwa kiganja, nikaanza kuelewa kwa nini watu hawa husafiri kutwa nzima. Honi ikalia. Dereva wa tuktuk kafika, na huyo anasubiri kwa dakika zake za kulipiwa.

Halafu kuna chumvi. Watu wote wale lazima wajisuuze, na huku kwetu bomba likikauka maji ni ya mkokoteni, mtungi kwa mtungi. Mwenye mkokoteni alipoona nimemwita tena na tena jioni ile akauliza kwa adabu kama tuna harusi. Mimi nafagia mchanga uliofika mpaka ndani ya chandarua, shemeji kajinyosha barazani, kakoga, katakata, anapepewa na upepo wa bahari. Akashusha pumzi ndefu. "Shem," akasema, "nyinyi watu wa huku hamna stress kabisa."

Wakati wa kuondoka walibeba nazi, mabuyu, achari ya embe na samaki wa kukaanga. Sikushangaa. Malindi haikuanza leo kufungashia wageni. Mwaka 1415 wazee wetu walimpelekea mfalme wa China twiga mzima. Mwaka 1498 Vasco da Gama akatokea bila kupiga simu, akala, akanywa, akapewa na rubani wa kumfikisha India. Kwa hivyo shemeji alipousifia mkeka, nikaukunja nikampa.

Pasaka haiko mbali, na simu zimeshaanza kuulizia bahari. Karibuni, kwetu mlango haufungwi. Lakini kabla ya kukata tikiti tazameni mwezi uko wapi, na katika msafara wenu njooni na mtu wa kulinda viatu. Mimi safari hii naoga.