Jinsi ya Kuingia Kariakoo na Gari Lililonyanyuliwa

Ndugu mwenye Hilux au Land Cruiser iliyofungwa spesa, springi ndefu na matairi ya porini, kabla hujaingia Mtaa wa Kongo saa tano asubuhi, fuata hatua hizi.

Kwanza, shuka. Kaa chini mbele ya bampa lako, juu ya lami, kama anavyokaa mama muuza ndimu na tangawizi. Mwenzako akae kwenye usukani akuambie anaona nini. Atakutajia mabango ya maduka na nyaya za umeme. Wewe hakuoni. Sasa simama, inama kama mvuta mkokoteni mwenye marobota ya vitenge, macho chini. Muulize tena.

Pili, pima boneti. Mwaka 2023, IIHS, taasisi ya usalama barabarani ya Marekani, ilieleza kuwa gari lenye boneti yenye kimo kinachozidi takriban mita 1 huwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa asilimia 45 hivi, wa kumuua mtu linayemgonga kuliko gari lenye boneti fupi iliyoinama. Boneti fupi humpiga mtu miguuni akaangukia juu yake; ndefu humpiga kifuani au kichwani, ikamlaza mbele ya matairi. Na hayo ni magari yalivyotoka kiwandani, fundi hajayagusa! Mtoto anayeuza mifuko kifua chake kiko chini zaidi.

(IST ya mkazi wa Goba iliyoongezwa vidole viwili ili isikwaruze makorongo, hiyo sina ugomvi nayo. Barabara ndiyo imemlazimisha.)

Tatu, washa taa usiku, kisha kaa kwenye bajaji inayokuja mbele yako. Hapo huhitaji maelezo.

Ukimaliza, liache gari nyumbani, panda mwendokasi, shuka Gerezani, utembee. Likunyanyulie hadhi Selous au Ngorongoro, huko linafaa.

Jimbo la North Carolina, Marekani, lilipiga marufuku mwaka 2021 magari yaliyoinuliwa sana pua, na huko watu hawatandazi bidhaa barabarani. Trafiki wetu wanaokagua magari kwa ajili ya stika ya Nenda kwa Usalama waongeze futi kamba mfukoni. Boneti ikizidi kifua cha mtu mzima, gari hilo lisiingie mitaa ya soko mchana.