Barua ya Chuo na Madirisha ya Kogo

Jumamosi moja ya Agosti, mvua ikipiga mabati ya nyumba yetu Kapsoya, binti yetu aliketi kwenye kompyuta kuchukua barua yake ya kujiunga na chuo. Akabofya "Pakua barua". Kimya. Akabofya tena, hata mara ya sita. Mama yake akaacha chai jikoni, akaja kusimama nyuma ya kiti. Nikawaambia mtandao ni mbovu, tungoje. Nilikosea.

Kaka yake ndiye aliyeona kialama kidogo mwishoni mwa upau wa anwani: Chrome ilikuwa imezuia dirisha ibukizi. Dirisha linalofunguka papo hapo unapobofya kwa kawaida hupita. Tovuti ikikawia kutayarisha waraka ndipo ifungue dirisha, kivinjari huliona kama limejifungua lenyewe, mithili ya tangazo.

Ingetosha kubofya kialama kile na kuruhusu tovuti ya chuo peke yake. Kijana, kwa haraka, akaruhusu tovuti zote. Barua ikafunguka, mama yake akapiga vigelegele, tukaichapisha. Hakuna aliyekumbuka kurudisha kizuizi.

Jioni Kogo, mama yangu, akaketi kutafuta nyimbo za kanisa. Likaibuka dirisha la kamari, likafuata la kudai kompyuta ina virusi, kisha la tatu likimtaka abonyeze "Ruhusu". Akabonyeza, akiamini nyimbo ziko ng'ambo ya pili.

Usiku ule nilirudisha kizuizi. Asubuhi vitisho vya virusi vikaendelea kuchomoza pembeni mwa skrini, hata kivinjari kisipofungua ukurasa wowote. Kogo akaapa hataigusa tena mashine ile. Aliamini ameiharibu yeye. Hilo liliniuma. Mmarekani Ethan Zuckerman, aliyeandika programu ya matangazo ibukizi ya mwanzo katika miaka ya 1990, aliomba radhi hadharani mwaka 2014. Kogo hakuwa na kosa la kuombea radhi.

Siku mbili tulikagua mpangilio uleule wa madirisha, tukiulaumu bure. Binti ndiye aliyeng'amua: kile alichoruhusu Kogo hakikuwa dirisha, kilikuwa arifa, na arifa zina mahali pake. Tukafungua Mipangilio, Faragha na usalama, Mipangilio ya tovuti, hadi Arifa. Palikuwa na tovuti moja ambayo hakuna aliyeijua. Tukaiondoa, skrini ikatulia.

Nilimketisha Kogo kando yangu nikamwonyesha kila hatua, polepole, mpaka akaifanya mwenyewe. Nyimbo zake zikapatikana.

Kwetu sasa madirisha ibukizi yamezuiwa kwa tovuti zote isipokuwa ya chuo. Nawe kama una mzee anayetumia kompyuta au simu yako, fungua orodha ya arifa leo hii, mkiwa mmeketi pamoja, mwone ni nani mliyemruhusu kuingia.