Alfabeti ya Mtu Mmoja

Kabla hujayasikia kwa majirani: yale maandishi yaliyokuwa yakipepea kwenye kamba ya uani si uchawi. Ni alfabeti yangu. Nimeitunga mwenyewe, hapa hapa Tanga, katika chumba cha kupanga chenye dirisha moja.

Nilianzia kwenye hati nzuri, ile ya kalamu ya tete. Unachukua tete kavu lenye unene wa kidole cha mwisho, unachonga ncha yake mshazari kwa kisu kikali, kisha unaipasua ufa mdogo katikati ili wino ushuke kwa adabu. Wino ni masizi ya kibatari uliyoyasaga na maji na gundi ya mgunga mpaka yateleze. Ukivuta kalamu kwenda chini mstari unanenepa, ukiipeleka kando unakonda, na raha yote ya kazi hii imo katika kunenepa na kukonda huko. Muhamadi Kijumwa wa Lamu, aliyenakili tenzi kwa mkono na kuchonga mbao, alikuwa na mkono usiobabaika. Wangu unababaika hata kwenye kikombe cha chai.

Bahati nzuri sanaa hii ina tawi la pili lisilohitaji mkono mtulivu: kuchora hisia. Unajipa neno, tuseme hasira, unashika chochote kinachoacha alama, unachora bila kufikiri. Chelewa zilizofungwa pamoja hutoa hasira safi kabisa. Kumbi la nazi lililochovywa wino linafaa kwa huzuni. Mswaki mkuukuu, ukizipinda nyuzi zake na kuziachia ghafla, hutawanya furaha mpaka mbali, ikiwa ni pamoja na kwenye shuka jeupe la mama mwenye nyumba, lililokuwa limeanikwa likingoja wageni wa harusi. Karatasi ikishajaa, unatafuta maumbo yanayojirudia, unayasafisha, unalipa kila moja sauti yake.

Usicheke. Mwaka 1989, kule Nzérékoré nchini Guinea, ndugu wawili, Ibrahima na Abdoulaye Barry, mmoja akiwa na miaka 14 na mwenzake 10, walijifungia chumbani, wakafumba macho, wakachora maumbo, wakachagua ya kuandikia Kifulani. Leo hati yao ya Adlam imo kwenye simu. Mfalme Njoya wa Foumban, Kamerun, alianza mwaka 1896 na alama zaidi ya 500, akapunguza, akapunguza tena, na kufikia 1910 zilibaki 80. Majirani zetu wa Kongo wana Mandombe ya David Wabeladio Payi, ambaye mwaka 1978 aliona herufi katika mistari ya ukuta wa matofali. Nami niliukodolea macho ukuta wangu. Nilichokiona ni njia ya mchwa ikipanda darini. Nikainakili; ndiyo herufi yangu ya “sh”.

Ila kuna herufi moja ninayojivunia kuliko zote, nayo ni ya msonyo. Tuna ng' yetu, tuna dh na gh, lakini ile sauti inayomtoka mtu kati ya meno na ulimi akiambiwa gesi imeisha haina pa kuandikwa. Vijana kwenye simu hurundika m na x na w, na hiyo x yenyewe haimo katika alfabeti yetu. Mimi nimeipa mkwaruzo mmoja, mkali mwanzoni, unaofifia kuelekea chini. Sijaona taifa lililotuzidi hapo.

Basi nikaanika karatasi zangu zikauke. Jioni mama mwenye nyumba akaniita.

“Baba, mimi sina ugomvi na wewe. Kodi unalipa, japo kwa mafungu. Lakini haya maandishi ni ya nani?”

“Ni yangu, mama.”

“Sikuuliza kaandika nani. Nauliza kaandikiwa nani.”

Nikajaribu kumweleza habari za Foumban. Nilipofika pale ambapo Njoya aliota ndoto kabla ya kuanza kuandika, mama aliingia ndani akafunga mlango kwa komeo.

Baada ya isha, mlango wangu ukagongwa polepole. Alikuwa jirani muuza samaki, kajitanda kanga mpaka puani. “Kaka, na mimi niandikie moja. Ya biashara.” Nikamwandikia, kwa tete na kwa moyo wote, “Samaki wa leo wapo”. Akaniuliza kama ataivaa kama hirizi au ataiosha anywe kama kombe. Nikamshauri aibandike mbele ya meza wateja waione. Alinitazama kwa huruma, akaikunja, akaenda kuificha chini ya karai. Kesho yake samaki wakaisha kabla ya adhuhuri. Ilikuwa mwisho wa mwezi, mishahara imetoka, lakini jambo hilo nalieleza peke yangu mpaka leo. Wiki iliyofuata, samaki walipolala, alikuja kulalamika kwamba dawa yangu haina nguvu.

Benki nako tulikosana. Niliwapa sahihi mpya, katika hati yangu, niliyoichora siku ya mshahara. Nilipokwenda kutoa pesa nilisaini baada ya kusimama foleni mpaka miguu ikafa ganzi. Karani akasema sahihi hazifanani. Nikamwambia haziwezi kufanana, hali ya moyo si ileile. Akamwita mlinzi.

Aliyenielewa ni mpwa wangu, aliyekuja kwa likizo. Ndugu wale wa Guinea walimfundisha kwanza dada yao, kisha watu wa sokoni, na nadhani kazi yote iko pale. Kuchora maumbo ni sehemu rahisi. Binti alijifunza upesi kuliko nilivyotunga. Kisha akaanza kunirekebisha. “Mjomba, hii p yako inachosha mkono.” Akaikata mkia. Akaziunganisha t na d bila kuniuliza. Haukupita muda akawa anapeana vikaratasi na rafiki yake wa nyumba ya pili, wanavisoma, wananitazama, wanacheka mpaka wanakaa chini. Nilikiokota kimoja. Kwa marekebisho aliyokwisha kuyafanya, sikuweza kusoma zaidi ya jina langu.

Yeye pia ndiye aliyempelekea Mangi wa dukani herufi ya msonyo. Mangi hajui herufi yangu nyingine hata moja na hana haja nazo, lakini hiyo anaichora kwa bolpeni vizuri kuliko mimi. Ameiweka kwenye daftari la madeni, mbele ya kila anayekopa na kupita njia ya nyuma. Jina langu lina mbili.